Namna ya Kuipoteza Mombasa kwa Heshima

Umeamua kuiteka Mombasa. Hongera. Usimsikilize anayekuvunja moyo. Wenzako wengi wenye merikebu na bendera waliwahi kuamua hivyo hivyo. Kuipata si kazi. Kazi ni kuipoteza bila kuaibika, na hilo ndilo nitakalokufundisha.

1. Tafuta jirani mwenye kinyongo. Vasco da Gama alibisha hodi Mombasa Aprili 1498, akapokewa vibaya, akasogea Malindi. Huko mfalme alimkirimu na kumpa rubani wa kumfikisha India. Ukarimu wa namna hiyo usikuvimbishe kichwa. Malindi na Mombasa walikuwa na ugomvi wao wa siku nyingi, na mwenyeji wako aliiona mizinga yako kabla hajauona uso wako. Basi mfurahishe. Wareno waliichoma Mombasa mwaka 1505, wakairudia mwaka 1528, wala hawakuondoka ila wameichoma tena. Ukilazimika kuuchoma mji mara ya pili, usijiulize moto wa kwanza ulisaidia nini. Andika kwenu kwamba umeshinda mara mbili.

2. Waache wengine wakufanyie kazi. Mwaka 1589 Mir Ali Bey, Mturuki, alikuwa kisiwani Mombasa pamoja na wenyeji. Wareno wakaja kwa bahari. Wapiganaji wa Kizimba wakapiga kambi ng'ambo, upande wa bara, kisha wakavuka kuja kumaliza kilichobaki. Baadaye Wasegeju waliwapiga Wazimba huko Malindi, wakaitwaa Mombasa, wakamkabidhi mfalme wa Malindi. Naye alifanya nini na mji ambao wazee wake waliutamani miaka nenda miaka rudi? Alihamia! Malindi ikaachwa ichakae. Jiandae na wewe: ukishaingia, maadui wa Mombasa ni wako.

3. Jenga ngome. Mwitaliano Giovanni Battista Cairati aliwachorea Wareno Ngome ya Yesu, ujenzi ukaanza mwaka 1593. Ngome nzuri itakulinda. Itamlinda vilevile atakayekufukuza, na haimuulizi mtu dini yake.

4. Mlee adui yako mwenyewe. Wanafunzi wangu wengi huiruka hatua hii, nami husikitika, maana ndiyo yenye utamu. Gombana na mfalme aliyekuwa rafiki yako mpaka akimbilie bara na kuuawa huko, kama ilivyomkuta Hasan bin Ahmad mwaka 1614. Mchukue mwanawe, Yusuf, umpeleke Goa, India. Abatizwe Dom Jerónimo Chingulia, asomeshwe na mapadri, avishwe Kireno. Mrudishe mwaka 1626 awe mfalme, ila ajue kwamba mkubwa ni yule aliyeko ngomeni. Kisha letewa habari kwamba ameonekana kwenye kaburi la babake akiomba Kiislamu. Usifanye haraka! Chunguza kwanza. Agosti 1631 Yusuf aliingia ngomeni na watu wake, akamuua mkuu wa ngome, na Dom Jerónimo akawa amekwisha. Jeshi likatumwa kutoka Goa, likashindwa. Mwaka uliofuata Yusuf alipanda chombo akaenda zake kwa hiari yake, na Wareno wakairudia ngome tupu.

5. Ngome tupu nayo ina shujaa wake. Francisco de Seixas de Cabreira aliweka juu ya lango jiwe lenye maandishi, na bado lipo, kalisome. Limetaja umri wake, miaka 27. Limetaja wafalme aliowatoza kodi, kuta za Pate na Siu alizozibomoa, wakubwa wa Pemba aliowaua. Halafu linashuka kwenye vyeo alivyotunukiwa, ugavana wa Jaffna ukiwemo. Nimesoma barua za kuomba kazi zenye haya zaidi ya hapo. Wewe iga. Ila chonga mapema, maana msiba uko mbele.

6. Omba msaada, ukae uusubiri. Waomani, ambao wenyeji walikuwa wamewaita tangu katikati ya karne hiyo, waliizingira ngome Machi 1696. Maradhi yakaua wengi kuliko risasi. Desemba 1698 ngome ikaanguka. Siku chache baadaye zikatokea merikebu za msaada, zikaona bendera ngeni, zikageuza. Hakuna kushindwa kwa heshima kuliko huko: nani atakulaumu, nawe uliomba? (Wareno walirudi mwaka 1728, wakafukuzwa mwaka 1729. Kungojea sifa mara ya pili ni uroho.)

7. Teua liwali mwenye ukoo mkubwa. Waomani walimweka Mmazrui, Muhammad bin Athman. Watawala waliomtuma, Wayaarubi, walipoangushwa kule Oman na Wabusaidi kushika hatamu, Muhammad akakumbuka kwamba utii wake ulikuwa kwa wale waliokwisha ondoka. Ukoo wake ukatawala karibu miaka mia.

8. Azima bendera. Mwaka 1824 Wamazrui, wakibanwa na Sayyid Said, mtawala wa Oman wa ukoo wa Wabusaidi, waliiomba bendera ya Uingereza. Kapteni William Owen akawakubalia bila kutumwa na London. London ilipojua ikaikana, na mwaka 1826 bendera ikashushwa. Miaka miwili ya ulinzi wa bure!

9. Sayyid Said alikuwa ameijaribu ngome kwa mizinga zaidi ya mara moja. Mwaka 1837 alipata waliochoka na Wamazrui ndani ya mji wenyewe, akaingia kwa mapatano. Kisha wakubwa wa Mazrui wakaitwa, wakakamatwa, wakasafirishwa hadi Ghuba. Ukialikwa barazani, hesabu kwanza walioingia na walioonekana kutoka.

10. Kodisha. Hii ndiyo njia safi, na ajabu ni kwamba iligunduliwa mwisho. Sultani wa Zanzibar, wa ukoo huo huo wa Sayyid Said, aliwaachia Waingereza ukanda wa pwani kwa kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka, na bendera yake ikaendelea kupepea juu ya ngome hadi Desemba 1963. Huna askari wa kulisha, huna kuta za kuziba, huna wa kumzika. Hakikisha tu mkataba umetaja tarehe ya malipo.