Barua ya Wazi kwa Msajili: Kuhusu Kufuta Kilichokwisha Kusikika

Kwa Msajili wa Jumuiya za Kiraia,
Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi,
Dodoma.

YAH: KUCHELEWA KUTEKELEZA AGIZO LA SIKU KUMI

Bwana Yesu asifiwe. Kama salamu hii nayo inahitaji kibali, basi ihesabu kuwa nimesema shikamoo.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa KKKT Dayosisi ya Kaskazini, huku Old Moshi. Naandika kuhusu barua iliyotoka ofisini kwako ikiwa na tarehe 30 Mei 2018, ikilitaka Kanisa lifute ndani ya siku kumi waraka wa Pasaka wa maaskofu 27, ule wa "Taifa Letu, Amani Yetu". Najua ilivyoishia. Waziri wa wakati ule, Mwigulu Nchemba, aliikana barua hadharani, Msajili aliyekuwepo akasimamishwa kazi, na mwezi uliofuata waziri naye akaondolewa wizarani. Kwa hiyo mpaka leo hatujui kama tuliagizwa au hatukuagizwa. Lakini mtu wa mlimani huwa hatupi karatasi yenye nembo ya serikali, huiweka ndani ya Biblia, na mimi nimeiweka hapo nikisubiri maelekezo.

Kilichonishinda ni utekelezaji wenyewe. Kufuta waraka, kwa jinsi ninavyoelewa, ni waliousikia waambiwe kwamba hawakuusikia. Sasa waraka ulikwishasomwa makanisani, ibada ya kwanza na ya pili. Ibada ya kwanza wanakuja wazee, pamoja na wale ambao ng'ombe wanawasubiri wakakate majani. Ya pili ni ya vijana na kwaya. Nilianza kuandaa orodha ya kurudisha maneno, nyumba kwa nyumba, kihamba kwa kihamba. Nikakwama kwa mama mmoja wa Umoja wa Wanawake ambaye sikio lake la kushoto lina shida. Anasema alisikia lile la uhuru wa kutoa maoni, la Katiba Mpya likampita. Je, arudishe nusu? Wapo waliosinzia tangu zaburi. Hao nimewaandika kama raia watiifu. Zipo pia dayosisi ambazo waraka haukusomwa, na hizo naomba zipewe cheti cha pongezi, maana zilitii agizo miezi miwili kabla halijatolewa.

Tatizo kubwa lilikuwa nje. Unajua kwetu baada ya ibada kuna mnada wa sadaka za mavuno. Siku ile mkungu wa ndizi mshare ulikuwa umefika elfu kumi na mbili, mnadi anataka elfu kumi na tatu, mara mtu nyuma akauliza kwa sauti, "Hivi yule mwandishi wa Kibiti ameshapatikana?" Alimaanisha Azory Gwanda, wa gazeti la Mwananchi, asiyeonekana tangu Novemba 2017. Mnada ukasimama. Swali hilo, mheshimiwa, halikuwa na namba ya usajili, na aliyeuliza simjui hata leo, ingawa nilikuwa nimesimama karibu naye na koti lake ni kama langu.

Nimesikia pia kwamba kosa la msingi lilikuwa Baraza la Maaskofu kutotambulika kisheria kama chombo cha kutoa matamko. Hapo mlitushtua kweli. Nilikuwa nadhani kosa litakuwa kwenye yaliyosemwa, na mtatujibu kwamba watu hawatekwi, kwamba chaguzi zote ziko sawa, kwamba hakuna aliyepigwa risasi. Kumbe kosa ni cheti! Nikakagua mlima mzima, nikakuta hali inatisha. Kamati ya mfongo, inayoamua maji ya mfereji yaende kwa nani na saa ngapi, haijasajiliwa, na inatoza faini. Kikao cha ukoo cha Desemba kinagawa vihamba, kinapatanisha ndugu, kinamkemea hata mwenye gari kubwa aliyetoka Dar, na hakina hata muhuri. Kilabu cha mbege ndiyo kabisa. Pale hutolewa matamko ya kitaifa kila jioni, tena hayafutiki, kwa kuwa asubuhi hakuna anayekumbuka aliyeyatoa.

Ukipanda juu zaidi, hadi kwenye Maandiko, utakuta Amosi wa Tekoa, mchunga mifugo na mtunza mikuyu, akisema dhidi ya wanaowakanyaga maskini bila barua ya utambulisho kutoka kwa yeyote. Huyo alipata bahati ya kukutana na mtendaji makini. Kuhani Amazia wa Betheli alimshtaki kwa mfalme, kisha akamwambia aende akatabirie kwao Yuda, kwa sababu Betheli ni patakatifu pa mfalme. Mpaka leo nikifika sura ile ya saba namwona Amazia yuko mezani, miwani puani, anauliza, "Na wewe umesajiliwa wapi?"

Lakini nisiwe mchoyo wa shukrani. Mamlaka zetu hazijawahi kulinyima Kanisa nafasi pale linapokaa kwenye mstari. Askofu Fredrick Shoo, aliyekuwa Mkuu wa KKKT wakati waraka unatoka na ofisi yake ikiwa hapa Moshi, amepanda miti kwenye miteremko hii mpaka Wajerumani wakamwita askofu wa miti. Hakuna aliyemuuliza cheti cha bwana misitu. Hospitali zetu za Machame na Marangu zinapokea wagonjwa usiku na mchana, na sijasikia zikiambiwa kwamba kushona jeraha ni kuingilia kazi ya serikali. KCMC pale chini, iliyofunguliwa 1971, ni ya Shirika la Msamaria Mwema. Jina lenyewe linatosha. Mtu amevamiwa njiani, amepigwa, ameachwa nusu mfu, na mpita njia anasimama. Nadhani sasa nimeuelewa mpaka mliotuwekea: kumfunga majeruhi bandeji ni huduma ya jamii, kuuliza nani aliyempiga ni siasa.

Tatizo letu ni kwamba majeruhi wenyewe wanaletwa huku. Tarehe 16 Februari 2018 mwanafunzi wa Chuo cha Usafirishaji alikuwa ndani ya daladala Dar es Salaam, polisi wakitawanya waandamanaji, risasi ikamkuta kwenye kiti. Hakuwa mwandamanaji. Jeneza lake lilipanda mlima huu, akazikwa Rombo. Waraka wa maaskofu ulikuja mwezi mmoja baadaye. Sasa mchungaji gani angesimama Pasaka hiyo, mbele ya watu waliotoka msibani wiki chache tu, ahubiri kaburi lililo wazi asiseme neno juu ya lile lililofungwa Rombo? Angeweza, nakubali. Ila sadaka ya siku hiyo ingekuwa ya sarafu.

Nimejaribu pia kuisoma sheria yenyewe, Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337. Nikafurahi kukuta ni mzee mwenzangu, wa mwaka 1954, aliyeachwa na Mwingereza. Ni mwaka uleule ilipozaliwa TANU, na kwa usajili huohuo matawi ya TANU kule Kanda ya Ziwa yalizuiwa kwa miaka. Huku kwetu mchezo tuliuona mapema zaidi. Wakulima wa kahawa walipounda chama chao cha KNPA mwaka 1925, wakubwa walitabasamu kilipozungumzia miche na dawa. Kilipogusa ardhi, uso ukabadilika. Wakoloni wameondoka, Mwalimu tumemzika, ila kabati la faili limebaki na ufunguo wake. Nawapongeza kwa utunzaji wa mali ya umma.

Tena naona kazi imerahisishwa. Juni 2025, badala ya kuliomba kanisa lifute maneno, mlifuta usajili wa kanisa lenyewe, la Askofu Gwajima, mbunge wa chama tawala wakati huo, aliyekuwa ameanza kupaza sauti juu ya watu kutekwa. Hapo utekelezaji haumsumbui mzee wa kanisa: ni kufuli tu. Ningeshauri hata hivyo mwangalie waumini walikwenda wapi Jumapili iliyofuata, kwa sababu wa kwetu ukiwafungia mlango wataimba chini ya mti, na miti, kama nilivyoeleza, Askofu Shoo ameotesha mingi.

Ombi langu ni dogo. Naomba fomu. Iwe moja tu, ya kuomba kibali cha kuuliza mtu aliyepotea yuko wapi, na ionyeshe anayestahili kuijaza. Mama mzazi anahesabika kuwa jumuiya? Au mpaka awe na katiba, mweka hazina na wanachama kumi? Nikiipata nitaitoa nakala stationari ya pale stendi, nizigawe baada ya matangazo. Ada tutalipa. Tutanadi kuku.

Na Desemba ukipanda huku kama wenzako wanavyopanda, karibu ibadani. Kaa popote, hata benchi la mbele. Mchungaji atawasimamisha wageni wajitambulishe, na zamu yako ikifika utataja jina na unakotoka, kwaya ikupigie makofi. Cheti hatuulizi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mzee wa kanisa,
Old Moshi.