Waifai Ikinuna: Mwongozo kwa Wakazi wa Thika na Ruiru

Anza kwa kulaumu mvua. Jua likiwaka, laumu stima. Stima ikiwepo, laumu mtoto wa jirani aliyepewa nywila wakati wa Krismasi na hadi leo hajatoka. Ukichoka kulaumu, ndipo uguse laptopu.

Kitufe chenye picha ya ndege usikiangalie hata kidogo. Piga simu kwa kampuni, sikiliza muziki wao mpaka uukariri, kisha binti wa watu akuulize kwa adabu kama umezima hali ya ndege. Kidole kilikigusa ulipokuwa ukipangusa chai. Laptopu iko angani tangu asubuhi, nawe uko Kimbo.

Rauta iache chumbani nyuma ya kabati, ufanyie kazi sebuleni. Ukuta ulio kati yenu huenda ni jiwe la Ndarugo, lile linalochimbwa kule Juja, na jiwe hilo halina huruma: mwizi halimpitishi, seuze mawimbi ya gigahezi 5. Yale ya gigahezi 2.4 hupenya zaidi, ingawa hujikokota. Tatizo ni kwamba ploti nzima imeyakimbilia. Kila mlango una rauta yake, na chaneli zisizogongana huko ni tatu tu: 1, 6 na 11. Thika Road ilipanuliwa, ikafunguliwa rasmi Novemba 2012, na jioni bado inafunga. Njia tatu zitawatosha wapangaji wangapi? Na mama wa mlango wa pili akipasha githeri kwenye maikrowevu, nayo inanguruma kwenye masafa yayo hayo.

Kompyuta ikidai haina kadi ya waifai kabisa, kamtafute dereva. Si wa matatu. Ni programu inayoiendesha kadi. Kompyuta itakushauri umpakue kutoka kwenye intaneti. Cheka kwanza. Kisha chomeka simu kwa waya wa USB uigawie bando, ila simamisha masasisho ya Windows, maana hayo hula bando la saa nzima kabla dereva hajapanda.

Bado? Zima rauta, subiri nusu dakika, washa. Ikipona, nyamaza, la sivyo utakuwa fundi wa ploti usiyelipwa.

Na kama taa zote ni za kijani, laptopu imeishika rauta vizuri, ila hakuna ukurasa unaofunguka, tazama kalenda. Malipo yako yaliisha jana usiku.