Pesa za Upatu Zilizoishia Kwenye Makasha

Zamu ya mama mmoja wa upatu ilipofika, wifi yangu alishika simu amtumie fungu lake, akajibiwa kwamba salio halitoshi. Wifi ndiye kijumbe wa wanawake wa mtaa wetu hapa Tanga, na pesa ya wenzake hajawahi kuigusa. Nyumba ikachafuka. Bibi akataja chuma ulete, kaka akataja matapeli wa mtandaoni, na kabla ya magharibi macho yote yalikuwa yamemgeukia dada wa kazi, kwa kuwa ndiye anayepelekewa simu aichaji. Binti wa watu alilia, akaanza kufunga nguo zake kwenye kanga.

Kaka alipotulia akasoma ujumbe mmoja baada ya mwingine, ukweli ukajitokeza. Makato madogo madogo, ya shilingi 6,000, ya shilingi 12,000, yamefuatana alasiri moja hadi kufika shilingi 216,000. Yote yamekwenda kwenye gemu ya mpira anayoicheza mtoto wao wa miaka 11.

Kaka akavua mkanda. Nilimzuia, nikamchukua mtoto chumbani kwangu anionyeshe alichofanya.

Pesa, kumbe, hainunui mchezaji. Inanunua koini, na koini ndizo zinazofungua kasha lenye mchezaji usiyemjua mapema. Vifurushi vya koini havilingani na bei ya kasha, kwa hiyo kila mara zinabaki chache zisizotosha kitu mpaka uongeze nyingine. Kasha likifunguka taa zinawaka, bendera ya nchi inatokea, kisha klabu, jina la mwisho kabisa. Mtoto anaona bendera ya Ufaransa, moyo unamwenda mbio akidhani ni Mbappé, anatokea beki asiyemjua. "Nilikuwa nimekaribia, shangazi," aliniambia. Hakuwa amekaribia hata kidogo. Kila kasha linaanza upya, na nafasi ya kumpata anayemtaka, iliyoandikwa kwa maandishi madogo, haifiki asilimia 1.

Na namba ya siri? Wifi aliiweka mara moja, alipomnunulia mtoto koini za zawadi ya kufaulu mtihani. Baada ya hapo simu haikuuliza tena. Mtego huu si mgeni: mwaka 2014 Apple ilikubali kuwarudishia wateja wa Marekani angalau dola milioni 32.5, kwa sababu mzazi akishaweka nywila, mtoto aliweza kununua kwa dakika 15 bila kuulizwa.

Sisi tulipoomba kurudishiwa, jibu lilikuwa kwamba koini zimeshatumika. Kaka aliuza baiskeli yake, upatu ukalipwa, na wifi akamwomba dada radhi mbele yetu sote. Hilo la dada ndilo linaloniuma zaidi. Msichana mwaminifu alikaribia kurudishwa kwao kwa jina la mwizi.

Mtoto naye simwiti mwizi. Unatoa pesa, hujui utapata nini, bahati ndiyo inayoamua: hiyo ni kamari. Ubelgiji ilisema hivyo waziwazi Aprili 2018 juu ya makasha ya gemu za FIFA 18, Overwatch na Counter-Strike: Global Offensive, na Januari 2019 EA, kampuni ya gemu ya FIFA, ikaacha kuuza FIFA Points, yaani koini zake, nchini humo. China tangu Mei 2017 inazitaka kampuni za gemu zitangaze uwezekano wa kupata kila kitu kilichomo kwenye kasha. Ni hatua, lakini mtoto wa darasa la tano asilimia zinamwambia nini mbele ya taa zile?

Wazazi wenzangu, ondoeni njia za malipo zilizohifadhiwa kwenye simu ambazo watoto wanazichezea, na mweke namba ya siri kwa kila malipo. Lakini mzigo huu usiachiwe mama wa nyumbani peke yake. Sheria yetu ya michezo ya kubahatisha ya mwaka 2003 inamkataza aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari. Naiomba Bodi ya Michezo ya Kubahatisha iyatazame makasha haya kama inavyozitazama mashine za dubwi, na iwazuie wanaowauzia watoto wetu.