Barua kutoka Dodoma

Barua za mbunge kwa watu wa nyumbani ni fani iliyochelewa kufika Busunzu, katika jimbo la Muhambwe wilayani Kibondo. Karne ya 19 Waha, wenyeji wa huko, walitawaliwa na mwami, yaani mfalme, na mwenye shida alimwendea kwa miguu. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza mwaka 1926 bila Mwafrika hata mmoja. Wawili wa kwanza, Chifu Abdiel Shangali na Chifu Kidaha Makwaia, waliteuliwa mwaka 1945.

Siku hizi mbunge husema tu, na barua huandikwa na watumishi wa Bunge katika Taarifa Rasmi, hasa kati ya Aprili na Juni, bajeti inapojadiliwa. Muundo ni ule ule wa barua ya shuleni. Salamu kwanza: Mwenyezi Mungu, Rais, Spika, mwenza na watoto, kisha wapiga kura. Kengele ya kwanza ya muda ikilia, kijiji bado hakijatajwa. Kiini ni barabara, nayo hupita mbiombio. Halafu "naunga mkono hoja", hata kama hoja yenyewe ndiyo iliyoisahau barabara.

Jibu la Serikali lina lugha yake: upembuzi yakinifu, usanifu wa kina, fedha zitakapopatikana. Kipande cha video ya hotuba huingia Busunzu kwa simu na kumkuta mwenye baiskeli ameshuka, anaisukuma na mkungu wake wa ndizi kwenye tope. Huegesha, husikiliza. Bando hukata kwenye shukrani.