Uzi wa Sita Unakoroma

Jumatatu. Nimeshusha uzi wa sita, wa pili na wa kwanza, kila mmoja toni nzima, nipige gitaa pamoja na udi wa Ami. Ni mpangilio wa DADGAD, uliosambazwa na Mwingereza Davey Graham miaka ya 1960 baada ya kukaa na wapiga udi Morocco, kwa hiyo hapa Unguja, kando ya udi, umefika kwao. Uzi wa sita ukakoroma. Ami akaweka udi chini. "Mwanangu, katengeneze kwanza." Mazoezi yakaishia hapo.

Jumanne. Uzi wa E ukishushwa hadi D, mkazo wake hupungua karibu asilimia 20. Ukilegea hucheza kwa upana zaidi. Na shingo nayo, kwa kuvutwa kidogo, hunyooka. Uzi lazima uguse freti. Wengi hukimbilia kuinua kile kipande cha mfupa kilichopo kwenye daraja, vidole vikaumia na mkoromo ukabaki. Kwanza usikilize unakoromea wapi. Ukikoroma bila kubonyezwa tu, tazama mfereji wake kule kichwani. Kuanzia freti ya 12 kwenda juu, mfupa unahusika. Wangu unakoroma freti za mwanzo: shingo imenyooka mno. Umeme umekatika kabla sijapima.

Jumatano. Nimepima. Unafunga kapo (kibanio cha nyuzi) freti ya 1, unabonyeza uzi pale shingo inapokutana na tumbo, unachungulia freti ya 7. Pawe na uwazi wa kama robo milimita. Hapakupenya hata risiti ya duka. Spana ya L ya kurekebishia shingo haipo. Mpwa wangu aliichukua kukazia baiskeli, na baiskeli iko Bububu.

Alhamisi. Nimetafuta nyuzi nene zaidi; dukani kuna za 0.010 tu (unene wa uzi wa kwanza, kwa inchi). Nyembamba hivyo, zikishushwa zitalegea kupita hizi zangu za 0.012. Nimeagiza Dar za 0.013, zije na boti.

Ijumaa. Spana imerudi. Nimelegeza chuma cha ndani ya shingo robo mzunguko, kinyume na mwendo wa saa, nikatuni upya. Risiti imepita. Mkoromo umebaki freti ya 2, lakini sikukigusa tena hicho chuma: nyuzi nene zinavuta zaidi, zitaiinamisha shingo zenyewe.

Jumamosi. Nyuzi zimefika, bahasha imelowa. Wa tatu una kutu. Nimerudishia wa zamani. Wa sita, 0.056, haukukaa kwenye mfereji uliochongwa kwa 0.053. Nimeviringisha msasa laini kwenye uzi mkuukuu, nikaupanua mfereji taratibu, upana tu, maana ukichimba chini unaanza ugonjwa mwingine.

Jumapili. Freti ya 2 imenyamaza, na D inajaza chumba. Tumepiga mpaka magharibi. Sasa Ami anataka tushuke hadi C. Huko mkazo unapungua karibu asilimia 37 kutoka E. Nimemwambia, Ami, si kwa nyuzi hizi.