Iba Kwanza, Kiti Baadaye

Umekabidhiwa ofisi ya bili za maji, iwe Kericho au Bomet. Hongera. Kabla hujakalia kiti, funga mlango, chukua karatasi, uibe. Kwa kalamu tu. Jiulize: ningekuwa msoma mita, karani au mwenye hoteli, ningepitia wapi? Nchini Kenya, zaidi ya lita 40 katika kila lita 100 zinazoingia mabombani hazilipiwi, ilhali kiwango ambacho mdhibiti, WASREB, anakivumilia ni 25. Nyingine huvuja, ni kweli. Nyingine zina wenyewe, na wenyewe hao hukusalimia vizuri kila asubuhi.

1. Iba kama msoma mita. Njia fupi kabisa ni kutokwenda. Keti hotelini, agiza chai na mandazi, jaza vipimo vya mita za nyumba ishirini. Mkono wa mtu anayebuni hupenda kurudia tarakimu fulani, basi ukirudi kitini hesabu tarakimu za mwisho. Halafu tazama viatu. Huku mvua ya alasiri haina simile na udongo mwekundu hauna siri. Aliyezunguka Litein mchana kutwa akarudi viatu vinang'aa, hakuzunguka.

Dawa unayo karibu. Mkulima wa chai hakubali majani yake yapimwe akiwa ametazama kando; husimama pale kituo cha kupimia chai, macho kwenye mizani. Mtumie mteja nambari iliyosomwa kwenye mita yake kwa ujumbe wa simu siku hiyohiyo. Atatoka nje kuilinganisha, na utakuwa umepata mkaguzi bila mshahara.

2. Iba kama mteja. Ifungue mita, uifunge kinyume, nambari zirudi nyuma. Au chimbia bomba la pembeni usiku, fundi hakosekani. Lakini hapa nenda polepole, ndugu yangu, usije ukamshtaki mtu kwa sababu ya mvua. Aprili matangi hujaa maji ya paa, bili ya mama mwaminifu ikashuka, na hiyo ni haki yake. Shuku bili inayoshuka Januari, jua kali, majani ya chai machache kituoni. Linganisha mwezi na mwezi uleule wa mwaka jana.

3. Iba kama karani. Hapa ndipo penye utamu. Tia mfukoni pesa taslimu za mteja wa kwanza, ziba pengo lake kwa pesa za wa pili, la pili kwa za wa tatu. Sharti ni moja: usiende likizo kamwe, maana atakayeshika kiti chako ataliona pengo. Kwa hiyo yule karani hodari ambaye hajapumzika miaka mitatu, mpe likizo kesho, kwa shukrani na kwa lazima. Malipo yapitie simu. M-Pesa ipo tangu 2007. Bado kuna mlango wa nyuma: bili inayopunguzwa kwa jina la marekebisho. Anayesoma mita asipokee pesa, anayepokea asirekebishe, na kila marekebisho yabebe sahihi mbili.

4. Sasa yule mteja mkubwa. Kila mji unaye: ana hoteli, uwanja wa kuoshea magari, na bili ndogo kama ya mjane. Usimtumie kijana mwenye spana. Nenda mwenyewe, umwambie: "Mzee, tumeanza na wateja wetu wakubwa, tumekuletea mita mpya." Atafurahi, ataagiza chai. Ya kikombe kunywa, ya bahasha kataa. Fundi wako akifunga mita, afuate na bomba mpaka kwenye tangi. Likionekana la pembeni, mwite mzee kando, mpe nafasi alipe deni kwa awamu bila kutangazwa. Wapo watakaodai afungwe, na sheria inawapa nguvu. Mimi nazitaka kwanza zile pesa zirudi mabombani.

5. Kukipambazuka, nenda kasimame kwenye kioski cha maji Silibwet, penye mama aliyepanga mitungi ya lita 20 na kushika sarafu zake mkononi. Mwulize mfereji ulikauka lini mara ya mwisho. Andika tarehe. Kisha uliza ni nani aliyekuwa akiosha magari siku hiyo.