Simba, Aliyekuwa Mbwa Mkali

Kwa mama yangu mzazi, nyuma ya ghala la mahindi, Kitale. Na kwa mjomba Bosco, karibu na soko la Chwele, Bungoma.

Pokeeni salamu nyingi kama mchanga wa bahari. Nimeandika hivyo kwa kuwa ndivyo barua zinavyoanza, ila hapa Brighton, kusini mwa Uingereza, ufuo ni kokoto tupu, kana kwamba kuna mtu alitaka kumwaga zege akaishiwa saruji. Basi pokeeni salamu nyingi kama kokoto, na mchunge nyayo.

Niliambiwa bahari ni maji mengi. Hakuna aliyeniambia kwamba yana tabia. Mto wetu Nzoia unashuka, unapita Webuye kwa kelele, unaenda zake Ziwa Victoria na haurudi kuuliza kama ulisahau kitu. Bahari huondoka asubuhi, ikarudi watu wameshakula cha mchana, ikaondoka tena, na hakuna anayeiuliza ilikuwa wapi. Nikayanywa maji yake. Chumvi yote ya dukani imo humo. Yaliyoingia yakatoka, juu ya kiatu cha binti wa mzee wetu wa Kitale.

Mjomba, uliuliza nilipitia njia gani. Binti wa mzee alikuja kama nesi. Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa wahudumu wa afya Julai 2021, naye akapanda ndege na koti jipya. Mimi sikuwemo mkatabani. Niliitwa baadaye, mtoto wake alipogoma kula mpaka aone Simba. Kwanza nikawekwa chipu chini ya ngozi, kisha nikadungwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Siku 30 zikapita, nikatolewa damu, nayo ikasafiri kwenda maabara kabla yangu mimi mwenyewe. Majibu yakaja mazuri, na bado nikaambiwa nisubiri miezi mitatu tangu siku ya kutolewa damu, maana Waingereza walimaliza ugonjwa huo kwa mbwa wao mwaka 1922 na hawataki uanze upya kwa ajili ya Simba wa Kitale. Mwisho dawa ya minyoo, nayo ina saa zake: isinywewe chini ya saa 24 kabla ya kufika, wala zaidi ya 120. Halafu nikapakiwa kama mzigo hadi Heathrow, nikiwa na karatasi kamili kuliko shamba la mzee, ambalo hati yake iko kwa wakili hadi leo. Nauli msimwambie mzee. Ataigeuza ng'ombe wa gredi kichwani mwake, na hatalala.

Sasa kazi. Hapo ndipo ninapoumia. Mama, unakikumbuka kile kibao cha MBWA KALI getini? Kile kilikuwa cheo changu. Nikibweka usiku, mzee alisema kutoka kitandani, "Mwacheni, yuko kazini." Hapa hakuna geti. Mlango unafungukia barabarani, na mgeni wa kila siku ni mtu wa posta. Nilimbwekea kwa ufundi wote wa Kitale. Binti wa mzee akatoka mbio kumwomba radhi. Radhi, kwa mtu ambaye hakualikwa! Siku hizi huyo bwana ananiletea biskuti. Kwetu anayemtia mbwa kitu mdomoni ni mwizi, najua, mama, ulinifunza. Lakini biskuti ni nzuri.

Tukitoka matembezini, binti huyo huyo, aliyesomeshwa kwa magunia ya mahindi, hunifuata na mfuko wa plastiki, akainama, akaokota nilichoacha, akakibeba. Asipofanya hivyo anapigwa faini. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2017, hata nyanya za sokoni hazipewi. Huku bado ipo, kwa heshima ya mavi yangu. Hili pia msimwambie mzee.

Msidhani basi mimi ni mtu mkubwa. Mkubwa hapa ni shakwe, ndege mweupe wa baharini mwenye sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Yumo hata kwenye nembo ya klabu ya mpira ya hapa. Mtoto alikuwa na chipsi na samaki. Shakwe akashuka, akachukua samaki, akatua kwenye ukuta na kula huku ananitazama. Niliruka. Nikavutwa kamba! Kumbe ndege hao wanalindwa na sheria ya mwaka 1981. Mjomba, wewe umekaa Chwele, umeona mwisho wa kila ndege: mgeni akibisha hodi, sufuria inawekwa jikoni, na firigisi inajulikana ni ya nani. Huku ndege ndiye anayengojea mgeni aje na chakula.

Niliambiwa pia kuna mifupa mikubwa baharini. Nilikimbia hadi kamba ikaninyonga. Ni vyuma vya gati la zamani, West Pier, lililofungwa mwaka 1975 na kuungua 2003. Watu wanaipiga picha mifupa isiyotafunika.

Mjomba, kuhusu kitinda mimba wako anayetaka kuja: aanze na chipu, na ahesabu miezi yake vizuri afike Oktoba. Kuanzia Mei mosi hadi tarehe 30 Septemba sehemu nyingi za ufuo mbwa hakanyagi, na atakaa dirishani akiwatazama shakwe wakitembea. Akisubiri hivyo atakuwa pia ameshiba Agosti ya tohara huko Bungoma, kengele za chinyimba zikilia na mafahali wakichinjwa. Ningependa aniletee mfupa mmoja, lakini forodha ya huku haipitishi nyama. Basi agaegae juu ya mfupa huo vizuri, mgongo na masikio yote, na asiogeshwe mpaka nimnuse.

Ni mimi mwanenu,
Simba